Injinia Asiyejua Kuingiza Marejeo

...na kama angemwambia sasa hivi, kabla makala hazijaanza kuingia, angalau wote wawili wangekuwa na kitu cha kutazama, wangekitazama hicho kioo cha kompyuta badala ya kutazamana, lakini Adut alijua kwamba neno likishatoka halirudi mdomoni, na mtandao wenyewe leo ulikuwa unajikokota kama mbuzi mwenye mimba, walikwisha kubonyeza kitambo na kidirisha kidogo kule pembeni chini kilikuwa kinazunguka tu, kinazunguka, na Erupe ameketi mbele yake, mikono mapajani kama mtoto wa chekechea, anangoja aambiwe la kufanya, mtu mzima na ndevu zake, injinia wa maji wa Lodwar, mwanamume aliyechimba visima kutoka Nakalale hadi Kalemng'orok, eti hajui kuingiza marejeo kwenye programu, mwongo wee, mwongo wa kupendeza, kwa sababu alikuwa anajua, alikuwa anajua kuliko nusu ya wanafunzi wote wa Adut wa hapa kambini Kakuma, na Adut alikuwa anajua kwamba anajua, wala hakuwahi kusema, na sasa Alhamisi imefika mlangoni, Alhamisi ambayo yeye Adut atapanda gari la Lokichoggio, avuke mpaka, aende zake Bor, Sudani Kusini, kwa mama yake, na hilo pia hakuwahi kusema... "Mwalimu, hii kitu imelala ama inafanya kazi?" Erupe aliuliza bila kugeuka, na Adut akamjibu kwamba inafanya, angoje tu, akashukuru kwamba amesimama nyuma yake na haonekani.

Mwambie basi, si ulijipanga tangu jana, si ulijisemea mbele ya kioo huku unasuka nywele, Injinia, nina habari, mama yangu amezeeka, kaka yangu Manyok amenipatia shule ya kufundisha, kambi si kwetu, Injinia, umekuwa mwanafunzi mzuri... mwanafunzi mzuri, hebu jisikie, kama unamwandikia barua ya kumsifia kwa mwajiri, lakini angesema nini kingine, angesema ukweli, kwamba kila gari la Lodwar linaposimama pale penye hoteli za Wasomali yeye hupata sababu ya kutoka nje ya hili kontena la mabati, mara kumwaga maji, mara kuangalia jenereta, na jenereta lenyewe liko upande wa pili, Nyaruach alimwambia hivyo siku moja, jenereta iko nyuma, dada, wewe unaangalia jenereta gani huko barabarani, na akacheka kile kicheko chake cha puani. Nyaruach huyu huyu aliyeketi pale mezani karibu na mlango, anayeandikisha wanaoingia, Mnuer na yeye Mdinka, watu waliambiwa hawatapatana na sasa ni miaka wanachangia sabuni, ndiye peke yake anayejua habari ya Alhamisi, na aliapishwa, wallahi sisemi, alisema, na Adut akamwamini kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kumwamini.

Na haya yote yalianza kwa Admin. Hapo Adut alihisi kicheko kikimpanda, hata leo, hata na uzito huu kifuani, kwa sababu Erupe alipokuja mara ya kwanza, mwaka jana baada ya laga ya Tarach, ule mto wa msimu, kufurika na kushuka, alikuja na mfuko wa nailoni uliojaa karatasi zilizopakwa wino mwekundu, msimamizi wake huko Eldoret amekataa pendekezo lake la shahada ya uzamili, utafiti mzuri, jinsi wenyeji na wakimbizi wanavyogawana maji, ila marejeo yake ni vurugu tupu, na mtu fulani Lodwar akamwambia kule kambini kuna mwalimu msichana wa Sudani anayejua programu inayopanga marejeo yenyewe, basi akaja, akasalimia ejok kwa kila aliyekuwa ndani mpaka kwa Msomali aliyekuja kutengeneza feni, akaketi, akamwonyesha, na Adut akasoma orodha ile aliyoiandika kwa mkono wake, mstari kwa mstari, Admin 2009, Admin 2010, Admin na wenzake 2011, akamwuliza kwa upole huyu Admin ni nani, na Erupe akasema kwa heshima kabisa, "Huyo ni msomi mkubwa, mwalimu. Maji anajua, mifugo anajua, mpaka malaria anajua. Sijui ni mtu wa wapi, lakini hakuna tovuti hajaandika." Alijizuia, Mungu shahidi alijizuia, aliuma mdomo, akaangalia dari, kisha akacheka mpaka machozi, akamweleza kwamba Admin si mtu, ni yule anayeiendesha tovuti, na akadhani mwanamume ataudhika maana wanaume wa ofisini hawapendi kuchekwa, lakini Erupe akasema basi amemwombolezea bure, maana aliona Admin hajaandika kitu tangu mwaka juzi akajua amefariki, na hapo ndipo Adut alipompenda, au labda si hapo, labda ilikuwa baadaye, lakini akihesabu kurudi nyuma huwa anafika hapo na hapiti.

Akamfundisha. Ukikuta makala mtandaoni, angalia kialama kile mwisho wa anwani, bonyeza, orodha inafunguka, kila makala na kisanduku chake, weka tiki kwenye zile unazozitaka, sema sawa, nayo programu inazivuta moja moja, jina la mwandishi, mwaka, mchapishaji, kila kitu mahali pake, na wewe hujaandika hata herufi, na Erupe akafurahi kama mtu aliyeona maji yakiruka kutoka kwenye bomba, akaondoka, na baada ya majuma mawili akarudi, amesahau, akafundishwa tena, akarudi, amesahau tena, barabara ile mbovu ya Lodwar inayomtoa mtu meno anaipanda kila mara kuja kusahau, na Adut akadhani labda kichwa chake ni kizito kwa mambo ya kompyuta, wapo watu hivyo, mpaka siku ile umeme ulipokatika katikati ya kazi, kila kitu kikapotea, ukarudi, na yeye Adut alikuwa mlangoni akizungumza na Nyaruach, akageuza shingo tu, akaona mkono wa Erupe unakimbia, anwani, alama, tiki tiki tiki, sawa, makala zote zimerudi kundini kabla Nyaruach hajamaliza sentensi, kisha mkono ule ukajiondoa kwenye kipanya polepole, ukarudi mapajani, na Adut aliporudi akaulizwa kwa sauti ya kitoto, sasa nabonyeza wapi, mwalimu, na yeye, badala ya kumwambia wewe mwongo ondoka, akainama akamwonyesha, bonyeza hapa, na bega lake likagusana na bega la yule mwongo. Huo ni mwezi wa ngapi sasa... na wamefundishana hivyo hivyo, mmoja anajifanya hajui, mwingine anajifanya haoni, na kazi ya mtu ya shahada imekuwa nene kwa sababu ya mapenzi yasiyosemwa, ina marejeo mpaka msimamizi amemwuliza kama anaandika kamusi.

"...nimeomba likizo ofisini, wale wa kaunti bado ni wageni kwa kazi, hawajui kukataa," Erupe alikuwa anasema, amekuwa akisema kitu muda wote huo na Adut amesikia nusu, likizo, sawa, likizo ya kwenda Eldoret kutetea kazi yake bila shaka, akasema ni vizuri, akasema mtu akipewa likizo aichukue, huku anatazama kisogo chake, kovu dogo lile nyuma ya sikio, aligongwa na ndoo ya kisima akiwa mtoto, alisimulia, na ndio sababu akaingia kazi ya maji, kulipiza kisasi... anasimulia kila kitu huyu, na anaomba kila kitu, Waturkana hawaoni haya kuomba, wao wenyewe wanasema asiyeomba ana kiburi, na kweli Erupe ameshamwomba kalamu, ameshamwomba chai, mwavuli wake mwekundu aliuomba na akaenda nao Lodwar mahali ambapo mvua haijulikani, aliomba hata nusu ya chapati aliyokuwa ameshaiuma, na kila alipoomba Adut alimpa na akangoja, akijua baada ya chapati litakuja lile lingine, kubwa, na halikuja, mtu anayeomba mpaka chumvi hajaomba hilo moja, basi halitaki, au? Na yeye angefanyaje, kwao binti hasemi, binti anaongeleshwa, anakaa anasikiliza maneno ya mwanamume jioni baada ya jioni, anamdharau kidogo, anamrudisha, anaona kama atarudi, na huyu si amerudi, amerudi na kurudi, lakini maneno yake yote ni ya marejeo, hivi inawezekana mwanamke kuposwa kwa Kiingereza cha maktaba, na hata akiomba, atamwomba nani, baba alibaki vitani, wajomba wametawanyika, mmoja yuko Australia anapiga simu kwa saa za huko, Manyok ndiye mkubwa sasa, na Manyok alipopiga juzi hakuuliza kama anataka kuja, alisema mji unajengwa, mabati mapya kila mahali, amani imeshika, mama anauliza kila asubuhi kama wewe umefika, na kuna mtu hapa, alisema, mtu mzuri, ana ng'ombe, tutazungumza ukifika. Tutazungumza. Adut alishika simu mpaka ikawa ya moto sikioni, akasema ndiyo, kaka, kwa kuwa mama ni mama, alimbeba mgongoni kutoka kule mpaka hapa, na mama aliporudi Bor mwaka jana macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na binti gani atamwacha mama yake apapase ukuta peke yake ili yeye abaki kambini akimfundisha injinia kitu ambacho injinia anakijua.

Sema sasa. Kidirisha kinazunguka. Sema, na akisema haya, nenda salama, utalia ukifika nyumbani, na akisema baki... ndilo hilo hasa lililomfunga mdomo majuma yote haya, si kuogopa kuambiwa nenda, ni kuogopa kuambiwa baki, kwa sababu angebaki, anajijua, angebaki na angemchukia kwa ajili ya macho ya mama, polepole, kidogo kidogo, mpaka asisikie tena raha ya kuchekeshwa naye. Bora aende akiwa bado anampenda. Hivyo ndivyo alivyoamua jana, akafunga nywele, akalala, na uamuzi ulionekana imara kwenye giza la nyumba yake ya tope, ila mchana huu, upepo ukipiga vumbi kwenye mabati na kisogo hiki mbele yake, uamuzi ule ulikuwa unamtoroka, unateleza, akaushika tena kwa nguvu, akavuta pumzi, akasema, "Injinia," na wakati huo huo kidirisha kikaacha kuzunguka na makala ya kwanza ikaingia.

Ikaingia na jina lake, na yeye, kwa mazoea ya kazi, akasoma kabla ya kuendelea, visima vya pampu za mkono katika mji wa Bor, tathmini, na akili yake ya ualimu ikamtangulia, ikasema huyu leo ametafuta vibaya, ameandika nini kwenye utafutaji, Tarach na Bor wapi na wapi, alitaka hata kumwambia simamisha tuanze upya, lakini ya pili ikaingia chini ya ile ya kwanza, ubora wa maji ya visima vifupi kando ya Nile, jimbo la Jonglei, na ya tatu ilikuwa inajikongoja, jina lake linatokea nusu, mafuriko na matengenezo ya barabara ya Juba... ya Juba hadi Bor, na Adut akageuka kumtazama Nyaruach pale mlangoni, na Nyaruach akainamia daftari la wageni kwa bidii ambayo hajawahi kuwa nayo tangu aajiriwe, loo, Nyaruach hana kifua, wallahi yote ile, amekwenda kupiga simu Lodwar, msaliti, mwana wa watu mwema msaliti, na kwa hiyo huyu anajua, ameketi hapa tangu asubuhi anajua habari ya Alhamisi, amekunywa chai anajua, na likizo ile, Mungu wangu, likizo ile si ya Eldoret. Hakusema baki. Adut aliona jambo hilo polepole, kama mtu anayesoma lugha aliyojifunza ukubwani, huyu hajasema baki wala nenda, amekwenda kutafuta kama kule kuna maji ya kuchimba. Mtu asiyejua hata kusalimia, aliyemwamkia mzee wa Kidinka kwa maamkizi ya Kinuer na nusura amwagiwe chai, anataka kwenda kukaa kati ya watu ambao hakuna hata mmoja atakayemwelewa, na mama, mama hajui Kiswahili, watakaa wawili hao wakinyamaziana... na Adut aliwaona, akawaona kabisa, mama na macho yake ya ukungu na mwanamume huyu mrefu anamwomba chumvi kwa ishara, na furaha ikampata kwa nguvu mpaka akashika mgongo wa kiti, furaha na hofu pamoja, maana Manyok ataruka, Manyok atasema umetuletea nani huyu, watu wake wana ng'ombe kweli au wana maneno tu, na Erupe atamjibu vile vile alivyojibu hapa siku alipofundishwa kwamba kunakili bila kutaja chanzo ni wizi, alisema kwetu mtu akichukua ng'ombe bila kutaja chanzo hatumwiti mwizi, tunamwimbia, na darasa zima lilianguka kwa kicheko, Yesu, ampe Manyok jibu jingine.

Ya nne ikaingia. Haikuwa ya maji. Ng'ombe wa mahari na mazungumzo ya koo miongoni mwa Wadinka wa Bor, hivyo ndivyo ilivyosomeka, na kabla Adut hajamaliza kuisoma mkono wa Erupe uliruka kutoka mapajani ukafunika pembe yote ya kioo, mkono mkubwa wenye kucha zilizokatwa vibaya, na shingo yake ikatutumka mishipa, injinia wa watu, jasho linamshuka kwenye kola na feni inazunguka.

"Hiyo imeingia yenyewe, mwalimu."

"Hapa hakuna kitu inaingia yenyewe," Adut alisema. "Mpaka mtu aweke tiki."

Nje mtu alikuwa anapuliza honi ya bodaboda, na mtoto wa mtu analia, na jenereta linakohoa kule nyuma, na Erupe bado amefunika kioo kana kwamba kuna jua linamchoma, kisha akasema kwa sauti ndogo, si ya kitoto tena, kwamba basi aliweka, aliiweka jana Lodwar akaitoa, na leo ameiweka tena wakati mwalimu yuko mlangoni kwa Nyaruach, na kwamba alingoja mwalimu aseme mwenyewe habari ya kusafiri, maana mambo ya mtu humngoja mwenyewe, na kama hataki, afutiwe, kufuta pia anajua. Anajua, anakiri kwamba anajua. Na ile hotuba, Injinia nina habari, mama yangu amezeeka, umekuwa mwanafunzi mzuri, Adut aliitafuta kichwani hakuiona, haikuwa na pa kukaa tena, na Alhamisi ilikuwa bado ni Alhamisi, gari litaondoka na yeye yumo, hilo halikubadilika, mama bado anapapasa ukuta, Manyok bado ana mtu wake mwenye ng'ombe, kutazungumzwa na kutagombwa, huenda watu wakakaa kikao kwa miezi, lakini alijikuta haogopi kufika, jambo ambalo mpaka asubuhi ya leo hakujua kwamba ndilo alilokuwa akiliogopa. Akavuta kiti kilichokuwa tupu, akaketi, si nyuma yake, kando yake, goti kwa goti, akakishika kile kidole gumba kilichofunika neno mahari akakiinua kama anayefungua kifuniko cha sufuria kuangalia wali.

"Toa mkono, nione ni ya mwaka gani," alisema. "Kama ni ya zamani, hesabu ya ng'ombe imepanda."

Na kwenye pembe ya kioo ya tano ilikuwa inaanza kuingia, polepole, herufi moja baada ya nyingine.